Ukungu Chumbani: Utoe Ukutani Kabla Haujaingia Kifuani

Leo jioni ukifika nyumbani, usikae kwanza. Vuta kabati la nguo mbali na ukuta, washa tochi ya simu, mulika nyuma yake. Mulika na kona za juu, pale ukuta unapokutana na siling. Kisha inua godoro utazame upande wa chini. Dakika tano zinatosha.

Ukiona vidoa vyeusi, vya kijani au vyeupe kama unga, vimekaa kwa makundi, mara nyingi huo ni ukungu. Wengine huuita kuvu, wengine fangasi. Usipouona lakini pua ikakutana na harufu ya uvundo, ile ya begi lililofungiwa nguo mbichi, basi upo ila umejificha. Iamini pua yako.

Haya nayasema hasa kwako wewe unayeishi au kuchuma riziki Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini na mitaa inayopakana nayo. Huku ukungu una kila unachokitaka. Hewa ya pwani ina maji mwaka mzima, na masika yakipiga, Machi hadi Mei, unyevu wa alfajiri hupita asilimia 80 bila shida. Ndani ya nyumba, ukungu hustawi pale unyevu unapozidi asilimia 60 kwa muda mrefu.

Halafu tumebanana. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, nyingi zimevunjwa. Yamesimama maghorofa yanayogusana mabega. Unafungua dirisha, unakutana na ukuta wa jirani. Jua haliingii, upepo haupiti, na maji ya AC za juu yanachuruzika kwako.

Jambo moja la kuelewa kabla hujashika brashi. Mbegu za ukungu hazionekani kwa macho na zinaelea kila mahali, ndani na nje. Za jamii ya Aspergillus zina upana wa mikroni mbili au tatu tu, kwa hiyo hupita puani na kooni zikatua ndani kabisa ya mapafu. Huwezi kuzimaliza. Lakini mbegu ikitua kwenye ukuta mkavu, haioti. Ikitua palipolowa, siku moja au mbili zinatosha kuianzishia maisha. Kwa hiyo usihangaike na mbegu. Shughulika na maji.

Tafuta maji kwanza

Chumba changu cha kwanza Kariakoo kilikuwa ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na doa kubwa kama sinia. Nikalisugua kwa jiki. Likarudi baada ya wiki mbili. Nikasugua tena, likarudi tena. Usiku nakohoa, asubuhi nanunua dawa ya kikohozi, jioni naendelea kusugua.

Usiku mmoja sikupata usingizi, nikatoa kichwa dirishani. Juu yangu kulikuwa na bomba jembamba la AC la mpangaji wa ghorofa ya tatu. Lilikuwa limekatwa fupi, mdomo wake umeelekea ukutani. Tone, kimya kidogo, tone. Maji yalikuwa yanashuka na ufa wa plasta mpaka kwenye kichwa cha kitanda changu. Kesho yake fundi aliunga kipande cha bomba cha mita moja, maji yakaangukia kwenye ndoo. Ukuta ulichukua karibu mwezi mzima kukauka. Doa halikurudi.

Ndiyo maana nakwambia: usisafishe chochote kabla hujajua maji yanatoka wapi. Doa lenyewe litakuonyesha, ukilisoma vizuri.

Likiwa juu, kwenye siling, tazama bati linalovuja, zege la paa, au choo cha mpangaji wa juu. Likiwa limezunguka dirisha, ni mvua inayopenya kwenye fremu. Likiwa upande wa pili wa bafu, ni bomba au vigae vilivyoachia. Likiwa kwenye kona nyuma ya kabati tu, na kwingine kukavu, tatizo ni hewa iliyosimama.

Likianzia chini na kupanda mpaka usawa wa goti, rangi inabanduka kama magamba, hayo ni maji ya ardhini yanayonywewa na ukuta. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi. Hapo utaona pia unga mweupe. Mafundi wetu huuita fangasi, lakini mara nyingi ni chumvi ya ukuta. Udondoshee tone la maji: ukiyeyuka na kupotea, ni chumvi. Chumvi haiingii mapafuni ikaota, ila ni tangazo kwamba ukuta unakunywa maji, na ukungu uko njiani.

Bado huna uhakika? Chukua kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa karatasi ya daftari. Kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, usiache upenyo. Subiri siku mbili. Maji yakikusanyika kwa ndani, upande unaogusa ukuta, yanatoka ukutani kwenyewe. Yakiwa upande wa chumbani, hewa ya chumba chako ndiyo yenye maji mengi. Kipimo hiki hakina gharama na kinamaliza ubishi na mwenye nyumba.

Kwa walio mabondeni, Jangwani na kandokando ya Mto Msimbazi, kuna hali moja isiyosubiri. Maji ya mafuriko yakiingia ndani, una masaa 24 hadi 48 ya kukausha kabla ukungu haujaota. Waliopitia mafuriko ya Desemba 2011 wanajua vitu vilivyonuka miezi mingi baadaye. Toa kila kitu nje juani. Godoro la sponji lililozama kwenye maji machafu usiliokoe, hata kama linauma. Halikauki ndani, na utaweka uso wako juu yake kila usiku.

Fungulia hewa kwa saa sahihi

Wengi hufungua madirisha alfajiri ili kuingiza hewa safi, kisha wanafunga mchana kukwepa vumbi na kelele za Mtaa wa Msimbazi. Kwa unyevu, fanya kinyume. Alfajiri ndipo asilimia ya unyevu wa hewa ya nje inapokuwa juu kuliko wakati wowote. Fungua kuanzia saa nne asubuhi, jua likishapanda, hadi saa kumi jioni. Kama unatoka kwenda kazini, mwachie aliyebaki kazi hiyo, au fungua unaporudi mchana kula.

Dirisha moja halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Fungua dirisha na mlango kwa pamoja, hata kwa nusu saa. Kama dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, weka feni karibu na dirisha na uielekeze nje. Itasukuma hewa nzito itoke, na nyingine itaingia kwa mlangoni. Watu hushangaa nikiwaambia wageuze feni, lakini jaribu siku tatu uone harufu inavyopungua.

Anika nguo nje. Najua, ghorofani pa kuanika ni pa kugombania, na mvua inanyesha. Lakini ndoo moja ya nguo mbichi ukiitundika chumbani, lita kadhaa za maji zinahamia hewani, na kutoka hewani zinahamia ukutani. Ikibidi kuanika ndani, kamua mpaka mikono iume, fungua dirisha, washa feni. Usianike chumba anacholala mtoto au mwenye pumu.

Sogeza vitu. Kabati likae sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje. Godoro lisilale sakafuni. Hata chaga chache juu ya matofali zinapitisha hewa chini yake. Mabegi ya nguo usizozivaa yatoe juani mara moja kwa mwezi.

Ukimaliza kuoga, kausha sakafu ya bafu kwa kifuta maji na uache mlango wa chumba umefungwa, dirisha la bafu wazi. Ukipika wali au kuchemsha maharage, mvuke utolewe nje. Mkaa usiupikie ndani kabisa. Huo una madhara yake makubwa zaidi ya ukungu.

AC ni neema na ni mtego. Ikifanya kazi vizuri hukausha hewa. Ikiachwa bila huduma, inakuwa shamba la ukungu linalopuliza mbegu moja kwa moja usoni. Fungua mfuniko wa mbele, chomoa filta, zioshe kwa maji na sabuni, zikauke kabisa, rudisha. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili hadi nne, maana vumbi la Kariakoo halina huruma. AC ikianza kutoa harufu ya soksi, au ikidondosha maji ndani, bomba limeziba. Mwite fundi aifanyie sevisi kamili. Na ukikumbuka kisa changu, hakikisha bomba lako halimwagii jirani wa chini.

Ukiweza, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, vinauzwa madukani kwa bei ya kawaida. Kitakwambia ukweli wa chumba chako. Lenga chini ya asilimia 60. Masika kufika hapo bila AC ni kazi ngumu, sitakudanganya, lakini kila asilimia unayoshusha inapunguza kasi ya ukungu.

Sasa safisha

Umeziba maji? Vizuri. Doa likiwa dogo, tuseme halizidi mita moja kwa mita moja, unaliweza mwenyewe. Likizidi hapo, au kama ndani kuna mwenye pumu kali, aliyewahi kuugua TB, mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali, au mtoto mchanga, tafuta mtu mwingine aifanye kazi hiyo na wao wasiwepo siku hiyo.

Vaa barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii mbegu ndogo namna hii. Vaa glavu za mpira na miwani. Watoe watu chumbani, funika kitanda, fungua dirisha, funga mlango wa korido.

Usikwangue ukungu ukiwa mkavu, na usiufagie kwa ufagio. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukisugua mkavu, mbegu ambazo zilikuwa zimetulia ukutani unazipeperusha chumba kizima, nawe unazivuta. Lowesha kwanza. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga vinatosha. Lowesha, subiri dakika kadhaa, sugua taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa.

Jiki inasaidia kwenye vigae, sinki na zege gumu. Kikombe kimoja kwa lita nne za maji baridi. Lakini usiitegemee kwenye mbao au jipsam. Inafuta rangi ya doa kwa juu, mizizi inabaki ndani, na maji yake yanaongeza unyevu. Na tafadhali, usichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaweza kukuua.

Siling ya jipsam au plywood iliyoota ukungu haisafishiki. Ikatwe kipande kilichoharibika, kiwekwe kipya, baada ya bati kuzibwa. Nguo zifuliwe na zianikwe jua kali. Viatu na mikoba ya ngozi futa kwa kitambaa chenye sabuni, kisha viache kivulini penye upepo.

Ukimaliza, acha feni ipulize ule ukuta siku mbili nzima. Rangi isubiri. Ukipaka rangi juu ya ukungu, unauficha tu. Utatokea tena, na safari hii rangi itabanduka nao. Fundi akikushauri rangi ya mafuta kwenye ukuta uliolowa, mkatalie. Inafungia maji ndani ya ukuta. Kwangua rangi ya zamani ikiwa imeloweshwa, ukuta ukauke, ndipo upake rangi yenye dawa ya kuzuia fangasi.

Kuhusu mwenye nyumba

Mwaka 2020, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa wazazi kutoka Sudan, alifariki kwa ugonjwa wa njia ya hewa. Baba yake alikuwa amelalamikia ukungu wa nyumba yao ya kupanga tangu 2017, akaambiwa aupake rangi. Novemba 2022 uchunguzi wa mahakama ukatamka kwamba kilichomuua ni kuvuta ukungu ule kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria inayobeba jina lake, inayowabana wenye nyumba za kijamii kushughulikia ukungu kwa muda maalumu.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, kwa hiyo jilinde mapema. Usilipe kodi ya miezi sita kwa chumba ulichokiona mara moja, saa sita mchana, mwezi wa kiangazi. Omba kukiona tena baada ya mvua. Dalali atakuharakisha, mwache aharakishe. Ingia, funga mlango na madirisha kwa dakika tano, kisha vuta pumzi kwa pua. Pitisha kiganja ukutani usawa wa goti. Fungua kabati la chini ya sinki. Tazama siling kama ina ramani za njano. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya na mitatu ina rangi ya zamani, uliza kwa nini. Na muulize mpangaji wa chumba cha pili, siyo dalali.

Kama umeshaingia, piga picha za doa kila wiki, zenye tarehe. Mtumie mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu, kwa adabu na kwa wazi: doa liko wapi, maji yanatoka wapi, fundi kasema nini, gharama ni kiasi gani. Wengi wakielewa kwamba ufa wa leo ni nondo iliyoliwa na kutu kesho, wanatengeneza. Pendekeza ulipe wewe na ikatwe kwenye kodi, mkaandikishane. Akikaa kimya, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na uombe afisa afya wa kata aje kukagua. Ni kazi yake, usione haya kumwita.

Fremu, stoo na belo

Huenda nyumbani kwako ni pakavu, ila unashinda masaa kumi kwenye fremu isiyo na dirisha. Au wewe ni kijana unayelala stoo ya bosi, katikati ya mzigo. Basi sehemu hii ni yako.

Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lilijengwa likiwa wazi pembeni na paa za zege zenye umbo la miavuli, upepo upite juu ya vichwa vya watu na bidhaa. Mtu yule alielewa joto la Dar. Fremu zetu za leo ni kinyume chake: mlango mmoja mbele, mzigo mpaka juu, mwisho ukuta.

Acha nafasi. Mzigo usiguse ukuta, na usiguse sakafu. Uweke juu ya paleti au mbao, na uache upenyo wa kupitisha mkono nyuma yake. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, ili kusiwe na magunia yaliyosahauliwa kule nyuma miaka miwili. Toboa tundu la feni ya kutoa hewa juu ya ukuta wa nyuma, hata kama ni dogo.

Belo la mitumba lililopata maji melini au kwenye godauni lina ukungu katikati, ambako hukuoni. Lifungulie nje, upepo ukuelekee mgongoni, na barakoa usoni. Vivyo hivyo kwa gunia la mahindi, karanga, pilipili au dagaa lililoshika unyevu. Usilikung'ute dukani. Na nafaka yenye ukungu usiile wala usiiuze. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Hapa kuna jambo ambalo wachuuzi wengi hawalijui. Kuna ugonjwa wa mapafu unaotokana na mwili kukataa vumbi la ukungu. Unafungua magunia asubuhi. Masaa manne hadi manane baadaye unapata homa, baridi, viungo vinauma, kikohozi kikavu, pumzi fupi. Unapima malaria, hakuna. Kesho kutwa umepona. Wiki ijayo unafungua mzigo mwingine, homa inarudi. Ukirudia hivyo miezi na miaka, mapafu yanapata makovu, na kovu la pafu halifutiki. Ukiona homa zako zinafuata siku za mzigo, ziandike tarehe na uzipeleke kwa daktari.

Kifua kikianza kusema

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Lilichoona ni kwamba wanaoishi katika nyumba hizo wanapata zaidi kikohozi, kifua kupiga filimbi, maambukizi ya njia ya hewa na pumu inayozidi. Sisemi kila doa jeusi ni kaburi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa nalo akaishia kwenye mafua yasiyokwisha. Lakini katika chumba hichohicho mtoto wake hapumui usiku.

Jipime hivi. Wiki mbili nzima, andika kila asubuhi: nimekohoa usiku au la, kifua kimebana au la, nililala wapi. Ukisafiri kwenda Morogoro au Tanga siku nne ukawa mzima, na usiku wa kwanza wa kurudi kifua kikabana, umeshapata nusu ya jibu.

Kama una pumu na unapuliza ile inhela ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kliniki uulizie ya kuzuia, inayotumika kila siku hata ukijisikia vizuri. Usikae unaongeza za bluu.

Acha kununua amoksilini kila kifua kinapobana. Dawa ya bakteria haiigusi fangasi hata kidogo. Wala usijinunulie vidonge vya steroidi kwa sababu vilimsaidia jirani. Kama fangasi tayari iko mapafuni, vinaipa nafasi ya kukua.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima TB kwanza. Kipimo na dawa ni bure. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu na soko, Amana iko Ilala, Muhimbili iko Upanga.

Sasa wewe uliyewahi kuugua TB ukapona, nisikilize vizuri zaidi. TB inaweza kuacha mapango ndani ya pafu. Mbegu za Aspergillus zikitua humo, zinaota kama zinavyoota nyuma ya kabati. Dalili zake ni zilezile za TB: kikohozi cha miezi, kukonda, uchovu, kukohoa damu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima watu karibu 400 waliokwisha kutibiwa TB. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba takribani mmoja kati ya kila 20 alikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaiweka Aspergillus fumigatus katika kundi la juu kabisa la fangasi hatari.

Kwa hiyo kama ulipona TB, dalili zimerudi, na kipimo cha makohozi kinasema hakuna TB, usikubali kuanzishiwa dozi nyingine ya TB kimyakimya. Uliza kwa upole: “Daktari, haiwezi kuwa fangasi ya mapafu?” Kuna picha ya kifua, kuna CT, kuna kipimo cha damu. Na kuna dawa, itrakonazoli, inayonywewa miezi sita au zaidi chini ya uangalizi. Ukikohoa damu nyingi, usisubiri kesho. Nenda usiku huohuo.

Na utakapokaa mbele ya daktari akakuuliza unaishi wapi, usijibu “Kariakoo” ukanyamaza. Toa simu, mwonyeshe picha ya ukuta wako.